Mwenye Pombe Huonja Kwanza

"Kwanza, ugonjwa haupo," alisema Mzee Faustini, akaweka kopo lake chini ili mikono ipate nafasi ya kuhesabu. "Pili, ugonjwa wenyewe wameuleta wao."

Sikudhani alimtazama. Mgongoni mwanawe Wema, wa miezi sita na siku nne, alikuwa amelala fofofo, mate yakimchuruzikia mama kwenye kola ya sare ya uuguzi.

"Babu, chagua moja. Kama haupo, wameuletaje?"

"Si ndio ujanja wao huo!" Mzee Faustini alijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda kesi, na kilabu kizima kikaangua kicheko.

Sikudhani naye alicheka kidogo, kwa kuwa asingecheka angelia. Wiki ya tatu hii. Alizaliwa Itengelo, akasomea uuguzi kwa madarasa ya jioni huku mchana akiuza vitumbua, na alipopangiwa kurudi kijijini kwao na matone ya kuwakinga watoto na mkabo, ugonjwa wa koo, alifunga mizigo akiimba. Watu wangu wenyewe, alijiambia, watanisikiliza. Watoto sitini na wawili. Mpaka asubuhi hiyo alikuwa hajanywesha hata mmoja.

"Zimebaki saa hamsini," lilisema boksi la baridi miguuni pake, kwa sauti ya mwanamke mpole asiye na kwao.

"Mnasikia?" Mzee Faustini alilinyoshea kidole. "Boksi linaongea. Sauti ya nani hiyo? Mwenyewe yuko wapi?"

Sikudhani naye alilitazama. Ilibidi iwe sauti ya mtu fulani.

Shangazi yake, Ausilia, mwenye kilabu, alikuwa ameinamia kazi. Alikuwa akichuja ulanzi kwa utaratibu wake, maji matamu ya mianzi yakishuka kutoka kwenye mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia, hadi ndooni. Ndiye aliyemlea Sikudhani baada ya baba yake kufariki. Na katika Itengelo, jambo lisilopita kwa Ausilia halikupita popote. Mkutano wa kijiji ulikuwa wa kupiga muhuri tu.

"Shangazi, niambie wewe," Sikudhani alisema. "Achana na babu huyu. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimekataa, basi." Ausilia hakuinua macho. "Mtoto akishameza yale matone, sauti yake inakwenda kwao. Yeye atabaki anaongea, lakini na wao nao wataongea kwa sauti yake. Kesho utapigiwa simu: Bibi, njoo uweke kidole hapa, uza shamba la mianzi. Utajuaje kama ni Melania, mjukuu wangu, au si Melania?"

"Nani kakwambia hayo?"

"Kila mtu anajua."

"Shangazi! Mimi nimekunywa! Nilikunywa mjini, kwenye mafunzo, mwezi wa tatu. Sauti yangu si hii hapa inakupigia kelele?"

"Tulikuona unakunywa?"

"Nawaambia sasa."

"Kuambiwa tumeambiwa mengi," alisema Ausilia. Akachota mtogwa, ule ulanzi mbichi usiolevya, akanywa funda moja, akafuta mdomo wa kopo kwa kiganja, akampa. "Kunywa, maziwa yashuke. Umekonda kwa kubishana."

Sikudhani alikunywa huku amekasirika, akaondoka na boksi lake huku amekasirika, na hakujua kwamba jibu lote la wiki tatu lilikuwa limepita mbele ya pua yake.

*

Zahanati ya Itengelo ilikuwa chumba kimoja. Ukuta mmoja ulipakwa chokaa makusudi, maana ndio uliopokea picha kutoka mkoani. Alasiri ile Bwana Ngonyani, msimamizi wake, alitokea ukutani kuanzia kifuani kwenda juu, mpana kuliko mlango, akitafuna karanga.

"Dada Sikudhani. Sifuri kwa sitini na mbili."

"Naijua hesabu, bosi."

"Nyamhuge wamepata wagonjwa wawili. Watoto." Aliacha kutafuna. "Mmoja amefariki saa saba."

Sikudhani alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nyamhuge ilikuwa ng'ambo ya mlima tu. Jumamosi watu wake huja Itengelo gulioni na watoto wao mgongoni. Mkabo hukaa kooni siku mbili kimya, siku ya tatu koo hufunga. Na matone yale hayakuwa dawa ya kumtibu aliyekwisha kuugua. Yalikuwa na vijidudu hai, vilivyofugwa maabara, ambavyo huweka kambi kooni mwa mtoto na kuziba nafasi zote ili mkabo ukija usipate pa kukaa. Vilihitaji siku kumi kuzaana vya kutosha. Nje ya baridi vilikufa ndani ya saa moja, betri ya boksi ilikuwa na siku zake, na ndege ndogo iliyolileta isingerudi mpaka wiki tatu zipite.

"Nipe watu," alisema. "Nipe daktari mwenye mvi. Nipe padri. Yeyote."

"Nitakupa kitu bora. Kinaitwa Mwandani." Ngonyani alijipangusa vidole. "Kimejaribiwa vijiji kumi na moja. Kinasikiliza watu wanavyozungumza, wanamtaja nani, sauti inalegea wakimtaja nani. Kisha kinajua kila mtu anamwamini nani kuliko wote, na kinaongea naye kwa sauti ya huyo."

"Kinasikilizaje? Hapa hatuna mitambo."

Ngonyani alikohoa, karanga au aibu.

Sikudhani aliinamisha kichwa polepole mpaka macho yakafika kifuani pake, kwenye beji nyeupe yenye jina lake na picha yake akitabasamu.

"Beji yangu?"

"Iko kwenye mkataba. Ukurasa wa kumi na tisa."

"Wiki tatu hizi? Kilabuni? Msibani kwa akina Kalinga? Usiku nikimbembeleza mtoto?"

"Usiku inajizima yenyewe. Nadhani."

"Kwa hiyo Shangazi anasema kweli."

"Hapana, amekosea!" Ngonyani aliinua kidole, amefurahi kupata pa kushika. "Yeye anasema matone ndiyo yanayochukua sauti. Matone hayachukui chochote. Ni beji."

Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka Wema akaamka akaanza kulia, ikabidi amtoe mgongoni na kumnyonyesha, na kicheko kikaishia mahali pabaya. Wiki tatu amekuwa akiwaita watu wake wajinga moyoni mwake. Wiki tatu amekuwa akitembea na sikio la watu kifuani, akiwaapia kwa jina la Mungu kwamba hakuna sikio.

"Sikiliza kwanza," alisema Ngonyani. "Huyu ni wa shangazi yako."

Ukutani ikatoka sauti ya mwanamume, yenye mikwaruzo ya mtandao mbovu:

"Mama, shikamoo. Huku mawasiliano taabu, sijui kama hii itafika. Nimemwota Mela anakohoa. Wakileta dawa ya watoto mpe, Mama. Mpe tu, usibishe kama kawaida yako." Kisha kicheko kifupi, kinachoanzia puani.

Maziwa yalimkauka Sikudhani, au alihisi hivyo. Kicheko kile alikua nacho nyumba moja. Kilikuwa cha Otmari, mtoto pekee wa Ausilia, baba yake Melania. Barabara ya Nyamhuge iliporomoka ikamfunika na gari lake miaka minne iliyopita, na walichozika ni koti.

"Itaingia kwenye simu yake kama ujumbe uliokwama njiani," Ngonyani alieleza. "Hutokea."

"Ujumbe kukwama miaka minne, hutokea?"

"Mara chache. Inatosha. Uwezekano wa yeye kukubali ni asilimia tisini na nne. Na akikubali yeye, wengi watamfuata, tumepima. Duara la kijani kwenye simu yako. Sheria inataka mhudumu wa eneo ndiye abonyeze, kwa ajili ya maadili."

"Maadili."

"Dada, mtoto amekufa leo. Mimi nakichukia kitu hiki kuliko wewe. Lakini ukiniuliza kati ya uongo mmoja na majeneza madogo, mimi najua nitakachobonyeza." Na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye watoto wake mwenyewe. "Fikiri. Usifikiri sana."

Picha ikazimika. Ukuta ukabaki chokaa.

Sikudhani aliitoa beji, akaifunga kwenye soksi ya Wema, akaitupa ndani ya ndoo ya takataka. Kisha akaitoa tena, kwa sababu isipokuwapo kifuani Ngonyani angejua. Akachukia kwamba amefikiri hivyo.

*

Kulipokucha alikuwa kilabuni kabla ya wateja. Simu ilikuwa mkononi, duara la kijani limewaka kama jicho la paka. Alikuwa amejiwekea sharti: ataomba mara moja ya mwisho. Akikataliwa, atabonyeza, na Mungu atamhukumu akiwa na mtoto hai mkononi.

Ausilia alikuwa ndiyo kwanza ametoka shambani, mbeta zimejaa, umande hadi magotini. Melania alikuwa mekoni akipuliza moto, akikohoa kwa moshi. Kila kikohozi kilimchoma Sikudhani ubavuni.

"Kamwene, Shangazi."

"Kamwene. Hukulala wewe."

"Mtoto amekufa Nyamhuge."

"Nimesikia." Ausilia alitua mbeta moja. "Masikini."

"Sasa? Huyo naye hayupo? Huyo naye ni ujanja?" Sauti ilimpanda na hakujaribu kuizuia. "Nimechoka! Mnataka nini? Niwaletee maiti hapa mezani mumguse? Wewe uliyenifundisha kunawa mikono kabla sijajua kusema! Wewe uliyenibeba kilomita ishirini nikiwa na malaria! Leo unamsikiliza Faustini, mtu anayesema mwezi umebadilishwa?"

"Usinifokee kwangu, Siku." Ausilia hakupandisha sauti. "Unaikumbuka mianzi ya mradi?"

Sikudhani aliikumbuka. Alikuwa darasa la sita. Walikuja na magari mazuri, wakasema ng'oeni hii ya zamani, pandeni ya kwetu, itatoa maradufu. Watu wakang'oa, wakapanda. Ikatoa maji machungu misimu miwili, halafu ikakauka yote, bonde zima. Mwaka ule walikula mizizi.

"Tulikwenda mkoani kulalamika," alisema Ausilia. "Unajua walituambiaje? Walisema mianzi haina uchungu. Nilikuwa na maji yake kwenye chupa. Nikamwambia yule bwana, onja. Akasema hana haja ya kuonja, vipimo vinaonyesha ni mitamu. Mimi nina uchungu mdomoni, yeye ana karatasi." Alianza kuchuja, mikono ikienda yenyewe. "Faustini ni mpumbavu, najua. Lakini Faustini hajawahi kuniambia kitu kichungu ni kitamu."

Kidole cha Sikudhani kilikuwa juu ya duara.

Ausilia akachota mtogwa. Akanywa funda moja, akafuta mdomo wa kopo kwa kiganja, akanyosha mkono. "Shika. Unyonyeshe."

Na Sikudhani, ambaye alikuwa amepewa kopo namna ile mara elfu tangu ana meno mawili, aliliangalia kama aliyeliona leo.

"Shangazi, kwa nini umeonja?"

"Nini?"

"Hapo. Umekunywa kwanza. Kwa nini?"

"We mtoto, umechanganyikiwa? Nisipoonja mimi, utanywaje wewe? Mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Nani atapokea kopo kwa mtu ambaye mwenyewe hakugusa? Hata nikimpelekea askofu, naonja."

Tulikuona unakunywa? Tumeambiwa mengi. Nikamwambia yule bwana, onja.

"Mungu wangu," alisema Sikudhani. Alikaa chini, palepale penye tope la ulanzi, Wema mgongoni akishangaa. Miaka mitatu ya madarasa ya jioni. Kitabu kizima kuhusu jinsi ya kuwaelimisha wanakijiji, chenye michoro. Na kwenye kanuni za boksi, kifungu cha kwanza kabisa kwa herufi nene: mhudumu haruhusiwi kutumia matone yaliyotengwa kwa jamii. Walikuja na sumu au dawa, wakaimimina mbele ya watu, na wakajikataza wenyewe kuonja.

Alizima simu. Kisha akafungua beji kifuani.

"Shangazi, kaa. Nina jambo. Ukimaliza kulisikia utanifukuza, lakini kaa."

Alimwambia yote. Beji, wiki tatu, ukurasa wa kumi na tisa. Na Otmari. Alipofika kwa Otmari, Ausilia aliacha kuchuja, na ulanzi ukafurika ndooni ukamwagika miguuni pake, naye asiisogeze.

"Wamemtengeneza mwanangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa ubonyeze."

"Sasa hivi. Kabla hujanipa kopo."

Ausilia aliinua mbeta, akaitua tena. Mekoni Melania alikuwa akiimba kitu chake kuhusu kuku.

"Anasemaje?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Sikudhani hakuwahi kuisikia kwake.

"Anasema umpe Mela dawa. Na usibishe kama kawaida yako." Sikudhani aliinua simu. "Ninayo humu. Ukitaka—"

"Hapana!" Ausilia aliinua kiganja kama anayezuia jua. "Usinisikilizishe. Ningeamini." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Futa. Nikiona."

Sikudhani aliwasha simu akafuta, shangazi akiangalia. Ausilia aliichukua beji kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akaitumbukiza kwenye pipa la mkangafu, ulanzi mkali wa siku nne. Ikatoa povu kidogo. Mahali fulani mkoani, Bwana Ngonyani alisikia gharika.

"Sasa," alisema Ausilia. "Ita watu. Utaonja mbele yao."

*

Kwenye boksi kulikuwa na vichupa sitini na viwili, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto. Sikudhani alikuwa na namna moja tu ya kuonja bila kumpokonya mtoto wa mtu. Alikitoa kichupa kilichoandikwa Wema Kihwele, ambacho alikuwa amekiweka cha mwisho ili asije akasemwa kapendelea wake.

Aliwaeleza watu habari ya beji kabla ya kuonja. Angeweza kuonja kwanza na kuacha hayo baadaye. Aliyasema mwanzo, na akajuta papo hapo.

"Nilisema!" Mzee Faustini aliruka juu ya benchi, mzee wa miaka sabini na tisa. "Nilisema, nilisema, nilisema!"

"Ulisema matone, babu. Ni beji."

"Leo beji! Kesho?"

Ilichukua nusu saa na ukali wa Ausilia kuwanyamazisha. Wengine wakaondoka na watoto wao. Waliobaki walisimama mbali, mikono kifuani. Sikudhani aliinua kichupa juu wakione, akakivunja shingo, akanywa chote. Kilikuwa na ladha ya chumvi na kutu.

"Mmeona?"

"Tumeona," alisema mama mmoja aliyeitwa Konsolata, kwa upole, mwanawe kiunoni. "Tutaona na kesho. Sauti haiondoki siku moja."

"Kesho saa sita mchana boksi linakufa!"

"Basi tutakuja asubuhi, dada."

Sikudhani aliangalia mbingu ya Iringa, ambayo haikuwa na msaada.

Kile ambacho hakuwa amewaambia, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, kilimjia kabla ya jua kukaa utosini. Mtu aliyekwisha kunywa akirudia, vijidudu vya kwanza hupigana na wageni. Homa ilimkamata hadi meno yakagongana. Ausilia alimlaza kitandani pake, akamweka Wema pembeni anyonye, akamkanda kwa maji. Mpaka jioni koo lilikuwa limevimba. Alipofungua mdomo kuomba maji, haikutoka sauti. Ilitoka hewa.

Wakatazamana, shangazi na mtoto wa kaka yake.

"Usiniambie," alisema Ausilia.

Sikudhani aliandika kwa kidole hewani: ni homa. Itarudi. Machozi yakamtoka kwa hasira. Wiki tatu za kupiga kelele, na siku pekee sauti yake ilipotakiwa, imekwenda kulala.

*

Asubuhi alisikia miguu uani. Mingi. Watu walikuja, kama walivyosema. Hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama wasingekuja.

"Zimebaki saa tano," lilisema boksi, lenyewe likiwa na afya tele.

Ausilia alisimama mlangoni akiziba mwanga. "Jaribu," alimnong'oneza.

Sikudhani alijaribu. Mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa.

"Haongei?" ilisikika sauti ya Konsolata nje.

"Ana homa," Ausilia alijibu. "Mpeni muda."

"Homa!" Mzee Faustini alikuwa chini ya dirisha, akihutubia. "Jana alikuwa anaongea, leo haongei. Iko wapi? Jiulizeni iko wapi! Sasa hivi iko mkoani, inakunywa chai! Na mimi nawaambieni, yule mle ndani huenda si yeye. Na yule mtoto anayenyonya, nani kamhakikisha? Na ulanzi wa Ausilia tangu beji itumbukie una ladha ya—"

Ndani ya kifua cha Sikudhani kitu kilikatika. Alikuwa amevumilia ugonjwa usiokuwapo ulioletwa na watu. Alikuwa amevumilia mwezi uliobadilishwa. Lakini mwanawe! Alijiinua kwa viwiko, akavuta pumzi iliyomchoma hadi kwenye mbavu, na sauti ikatoka, imekwaruzika, imepasuka, lakini ikatoka yote kwa mpigo:

"We Faustini we! Toka kwenye dirisha langu! Mtu mzima huna hata haya! Nani alikutoa funza miguuni Pasaka iliyopita, nilipokuja likizo, ukilia kama ndama? Ilikuwa sauti ya nani ikikubembeleza, ya mkoani? Nani alikufichia kwa mkeo ulipoanguka na baiskeli umelewa ukasema umepigwa na radi? Radi, kiangazi! Mjukuu wako amekaa na koo wazi, mkabo uko ng'ambo ya mlima, wewe unahesabu vidole! Mtaje mwanangu tena uone kama sitakuja hapo na homa yangu nikakunywesha wewe hayo matone, na boksi lake, na betri yake!"

Kuku mmoja alikimbia uani. Wema, aliyeachwa na ziwa katikati, akaanza kulia kwa hasira ileile ya mama yake.

Kisha uani mtu akacheka puani, mwingine akafuata, na kicheko kikasambaa hadi barabarani.

"Ni yeye," alisema Konsolata. "Wallahi ni yeye mwenyewe."

"Hiyo," Ausilia alisema pale mlangoni, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu jana, "hakuna mashine ya kuitengeneza." Akageuka ndani, akaita: "Melania! Njoo, mama. Utakuwa wa kwanza."

Mtoto alikuja na masizi puani. Ausilia alikipokea kichupa chake, akakitazama kwenye mwanga, akachovya ncha ya kidole kidogo, akakilamba. Akafuta shingo ya kichupa kwa kiganja. Ndipo alipompa.

Kila mzazi aliyefuata alifanya vilevile: ncha ya kidole, ulimi, kiganja. Haikuwa kwenye kitabu chochote. Sikudhani, amejifunga blanketi mlangoni, aliweka alama kwenye orodha na hakumzuia hata mmoja. Baadhi hawakuja. Alituma watu kuwaita, wakatuma salamu. Zilipobaki dakika kumi na mbili, orodha ilikuwa na hamsini na tatu, na boksi bado lilikuwa na vichupa vinane vya watu waliokataa. Alimwangalia Wema. Aliangalia vile vichupa. Kila kimoja kilikuwa na jina.

Alitia mkono boksini, akagusa kimoja. Dakika kumi na mbili, alijiambia. Nani atakuja sasa?

Akatoa mkono.

Zilipobaki dakika nne alitokea Mzee Faustini, akitembea upande upande kama kaa, mjukuu wake ameshikwa mkono.

"Sijaamini," alitangaza kabla hajafika. "Mjue. Nimekuja kuchunguza."

"Chunguza, babu," Sikudhani alisema kwa mkwaruzo uliobaki. "Onja kwanza."

Mzee alionja. Alikunja uso. Akaonja mara ya pili, akaambiwa inatosha. Mtoto alikunywa, naye mzee akamtazama koo kwa makini, kisha akamwambia aseme jina lake lote, la baba na la babu. Mtoto akasema. Mzee akatikisa kichwa, hajaridhika, akasema atarudi kesho kumsikiliza tena.

Boksi likasema kwaheri kwa sauti yake isiyo na kwao, likazimika. Vichupa saba vilianza kupata joto, na Sikudhani akaviacha vingoje wenyewe mpaka saa yake ya mwisho ikaisha.

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni tangu asubuhi. Ngonyani. Kifungu cha kwanza, beji, kila kitu. Aliiacha itetemeke. Aliketi kizingitini, akamweka Wema ziwani, wiki tatu za kusubiri ndege zikiwa mbele yao na gulio la Jumamosi likiwa keshokutwa.

"Jumamosi mtakaa kwangu, wewe na mtoto," alisema Ausilia, akiketi kando yake. "Mlango nitafunga. Atakayetoka Nyamhuge ataniona mimi kwanza." Alichota mtogwa. Akaonja, akafuta mdomo wa kopo. Halafu hakutoa mkono mara moja.

"Siku."

"Abee, Shangazi."

"Alikuwa anacheka? Otmari. Mwishoni."

"Alicheka. Puani."

Ausilia alitikisa kichwa, akampa kopo. "Hapo wangenipata," alisema.